Uwanja wa Goba: maji ya nyumba tatu ndani ya kiwanja kimoja

Nyumba iko Goba, kwenye kimojawapo cha vilima vya Manispaa ya Ubungo, na bondeni kuna korongo. Kiwanja ni mita 20 kwa 35. Mbele, upande wa barabara ya mtaa, mambo yamenyooka: geti, maegesho ya magari mawili, kibaraza. Ukizunguka nyuma ndipo shida inapoanza. Ardhi inashuka mita nne na nusu ndani ya mita 18 hadi kufika mpakani kwa jirani wa chini. Familia ilikuwa imeishi pale miaka kadhaa bila kuutumia uwanja huo hata kwa kuanika nguo.

Mama mwenye nyumba alipotuita alitaka bustani: majani ya kijani, banda la kupumzikia jioni, mahali pa watoto kuchezea. Habari za ukuta hakutaka kuzisikia, kwa kuwa ukuta alikuwa ameshajenga mara mbili na umemchosha. Wa kwanza ulipasuka, ukainama, ukabomolewa. Wa pili, wenye nondo nene na zege zaidi, ulianguka usiku mmoja katika mvua za El Niño za msimu wa 2023/24. Udongo, vipande vya tofali na maji vikaingia hadi jikoni kwa jirani wa chini. Hakuna aliyeumia, lakini tangu usiku ule nyumba mbili zilizokuwa zikisalimiana kila asubuhi zikaacha kusalimiana.

Nakieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu Goba haiko peke yake. Ukipita Kimara, Makongo Juu au Salasala utaona habari ileile: viroba vya mchanga vimepangwa chini ya msingi, matairi chakavu yamechomekwa kwenye kingo, kuta zimetoa matumbo. Maeneo ya tambarare ya Dar es Salaam yamejaa, watu wamepanda vilimani kufuata nafasi na upepo, na udongo wa vilima hivi ni mchanga uliofungwa na mfinyanzi. Wakati wa kiangazi utauchimba kwa sururu hadi mikono ichubuke. Maji yakiuingia, unayeyuka kama sukari kwenye chai.

Fundi aliyejenga ukuta wa pili alikuwa bado anaamini kwamba ulianguka kwa sababu nondo hazikutosha. Ni mwashi mzuri, kazi yake niliiona kwenye nyumba yenyewe na sina la kulaumu. Ila alikuwa anapambana na udongo, kumbe kilichomshinda ni maji. Hapo hesabu inasaidia. Ukuta ule ulikuwa na kimo cha mita 2.4. Udongo mkavu wa aina ile nyuma ya ukuta wa kimo hicho husukuma kwa nguvu ya kama tani moja na nusu kwa kila mita moja ya urefu wa ukuta. Udongo uleule ukijaa maji hadi juu, na maji yakakosa pa kutokea, msukumo unakaribia tani nne. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo ni maji yenyewe, ambayo hayajali nondo ni ya milimita ngapi. Ukuta haukuwa na tundu hata moja la kutolea maji. Alilikataa wazo la matundu, akaniambia, kwa sababu yangechafua lipu.

Basi swali la kwanza la kazi hii halikuwa ukuta wa namna gani ujengwe. Lilikuwa maji yanatoka wapi.

Tulianza kwa kuchimba mashimo ya majaribio matatu, moja karibu na nyumba, moja katikati, moja chini. Shimo la katikati lilitueleza mengi. Hadi kina cha mita moja na nusu hatukukuta udongo wa asili: palikuwa na kifusi, vipande vya vigae, mifuko ya saruji, chupa za plastiki, mchanga uliomwagwa juu yake. Wakati wa ujenzi wa nyumba, mabaki yote yalisukumwa nyuma na kusawazishwa kwa koleo. Kifusi kisichoshindiliwa kina nafasi tupu nyingi ndani yake, na maji huingia humo kama yanavyotaka. Ukuta wa pili ulikuwa umesimama juu ya kifusi hicho, haukufika kwenye ardhi ngumu.

Sampuli za udongo tulizitia kwenye chupa za maji zenye mdomo mpana, tukaongeza maji, tukatikisa, tukaziacha dirishani. Kipimo hiki hakigharimu kitu na kila mwenye kiwanja anaweza kukifanya. Mchanga hutua chini ndani ya dakika moja hivi, tope laini hufuata kwa saa kadhaa, na mfinyanzi hubaki ukielea, ukiyapa maji rangi, hadi kesho yake au zaidi. Kwenye chupa zetu robo tatu hivi ilikuwa mchanga, na juu yake tabaka jembamba la mfinyanzi mwekundu. Hicho ndicho kiungo kinachoshika kilima kizima, na ndicho cha kwanza kuondoka maji yakipita kwa kasi.

Kitu kilichonishtua zaidi kilionekana kwa macho tu. Ulikuwa mwezi wa Juni, masika yamekwisha, majani ya uwanja mzima yameanza kukauka. Lakini pale ukuta ulipokuwa umesimama, upande wa kushoto, palikuwa na ukanda wa kijani kibichi, na mgomba mmoja uliojiotea wenye majani mapana yasiyo na hata mchaniko. Nikamuuliza mama kama pana bomba la maji linapita hapo. Akasema hakuna. Nikamuuliza shimo la maji taka liko wapi. Akanionyesha mfuniko wa zege uliofunikwa na ndoo za kufulia, mita tatu kutoka kwenye mabaki ya ukuta. Lilikuwa shimo la kunyonyea, lile linalopokea maji yaliyochujwa kutoka kwenye shimo kuu na kuyaachia ardhini.

Nyumba ina watu sita. Tukikadiria lita 100 kwa kila mtu kwa siku, hiyo ni lita 600 kila siku, lita 18,000 kwa mwezi, zikiingia ndani ya kifusi mgongoni mwa ukuta, mvua inyeshe isinyeshe. Ukuta ule ulikuwa umelowa tangu siku ya kwanza. El Niño ilikuja kumalizia tu.

Maji ya pili yalikuwa ya bati. Paa la nyumba ni la mita za mraba 220 na halikuwa na gata upande wa nyuma. Milimita moja ya mvua ikidondoka kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji, kwa hiyo siku ya masika yenye milimita 60, ambayo Dar es Salaam si ya ajabu, paa hilo linashusha lita 13,200. Kwa umbo la paa, nusu yake na ushei ilikuwa inaangukia nyuma, kwenye mstari mmoja, na ilikuwa imeshachimba kamfereji chini ya dari la nje.

Maji ya tatu yalitoka barabarani, na haya yalituchukua muda kuyaelewa kwa sababu getini palionekana pamejengwa vizuri. Barabara ya mtaa ina mtaro wa udongo pembeni. Kila mwenye nyumba anayetaka gari liingie hujaza kipande cha mtaro mbele ya geti lake kwa moramu, ule udongo wa changarawe, anashindilia, basi. Huyu mama naye alifanya hivyo. Maji yanayoshuka mtaroni yakifika kwenye kile kizuizi hayana pa kwenda ila kugeuka, na upande wa chini ni getini kwake. Yalikuwa yanapita ubavuni mwa nyumba, kwenye kichochoro cha kulia, yanamwagika uwanjani nyuma. Na maji hayo yalikuwa yameongezeka mwaka hadi mwaka, kwa sababu jirani wa juu, ng'ambo ya barabara, alikuwa amefunika uwanja wake wote kwa pevingi, hadi kwenye shina la mwembe.

Niseme hili kwa uwazi, maana linaniuma. Mtindo wa kufunika kila sentimita ya uwanja kwa pevingi unaonekana nadhifu kwenye picha, na naelewa watu wamechoka na vumbi na tope. Lakini maji ambayo zamani yalinywewa na kiwanja kile sasa yote yanatoka getini kwenda kwa mwingine. Uwanja mmoja ukifunikwa mtaa unavumilia. Ishirini zikifunikwa, barabara inakuwa mto, na anayeishi bondeni analipa gharama ya unadhifu wa walioko juu.

Kwa hiyo tulikuwa na maji ya barabarani yenye mchango wa nyumba ya juu, maji ya bati na ya shimo la nyumba yenyewe, na mwisho wa yote nyumba ya chini iliyokuwa inapokea bila kuulizwa. Mchoro wowote ambao ungeishia kwenye uzio ungerudia makosa ya kuta mbili zilizotangulia. Hili ndilo nililomweleza mama, na haikuwa rahisi kwake kulisikia. Alikuwa amekuja na bajeti ya bustani. Nilimwambia kwamba karibu theluthi mbili ya fedha zake zitakwenda mahali ambapo hakuna mgeni atakayepaona.

Akanyamaza, kisha akaniuliza, "Sasa fundi, nikiweka majani tu na ule ukuta nikauacha kwanza?"

"Mama, majani utayanunua mara mbili," nikamwambia, "na mara ya pili utayafuata kwa jirani."

Kwa jirani wa chini nilikwenda mwenyewe, kabla ya kuchora mstari wowote. Ni mzee mstaafu, na alikuwa na haki ya kukasirika. Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba, kisha akaniuliza kama nimekuja kumjengea ukuta mwingine wa kumwangukia. Nikamwambia nimekuja kumuuliza maji yapite wapi. Swali hilo hakuna aliyewahi kumuuliza. Akanizungusha uwanjani kwake, akanionyesha alama ya tope ukutani jikoni, viroba alivyopanga, na kichochoro chake cha kulia kinachoshuka moja kwa moja hadi korongoni. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema kwamba bomba likifukiwa kwenye kichochoro hicho halitamsumbua, mradi asichangie gharama na mradi iandikwe.

Ikaandikwa. Mwenyekiti wa mtaa aliwakalisha wote wawili ofisini kwake, makubaliano yakawa ya ukurasa mmoja: mama atalipia bomba, chemba na ukarabati wa kichochoro, mzee atatoa ukanda wa sentimita 60 na ataruhusu usafishaji kila kabla ya masika. Katika kazi yote hii hakuna karatasi iliyokuwa na thamani kuliko ile. Mchoro wangu ulitegemea sahihi mbili zile.

Ujenzi tuliupanga uanze kiangazi na uanzie juu, yaani barabarani, kwa kuwa kila kazi ya chini ingeharibiwa na maji ya juu yasiyozuiwa. Moramu iliyojaza mtaro getini ikachimbuliwa, tukalaza kalavati ndogo ya zege, mtaro ukapata njia yake chini ya kiingilio cha gari. Ndani ya geti tukakata mfereji mwembamba wenye grili ya chuma juu yake, na mbele yake kizingiti cha kimo kidogo ambacho gari linapanda bila kugusa. Jirani wa juu hatukuweza kumfanya aondoe pevingi zake, lakini alikubali kuinua safu mbili kando ya uzio na kuweka kokoto ili sehemu ya maji yake izame palepale.

Kisha shimo la kunyonyea. Lilihamishiwa mbele, kwenye pembe ya kiwanja, ambako mashimo ya majaribio ya ziada yalionyesha udongo wa asili usio na kifusi. La zamani likafyonzwa, likaachwa wazi likauke, likajazwa mawe na kushindiliwa tabaka kwa tabaka. Baada ya hapo ule ukanda wa kijani ulianza kugeuka njano wenyewe, na hapo ndipo mama aliponiamini kabisa.

Gata zikafungwa nyuma ya nyumba yote. Matangi mawili ya lita 5,000 yakakaa kwenye jukwaa la zege kando ya jiko la nje. Nusu na ushei ya zile lita 13,200 ikishuka siku mbili mfululizo inazidi lita 10,000, kwa hiyo bomba la kufurikia lilikuwa muhimu kuliko matangi yenyewe. Bomba hilo linaungana na mfereji wa zege unaoshuka mpaka wa kulia kwa vidato, kila kidato kikiyavunja maji kasi kabla hayajaendelea. Mfereji laini ulionyooka ungeyafikisha kwa mzee yakiwa na nguvu ya kung'oa mfuniko wa chemba.

Ndipo tukafika kwenye uwanja. Kifusi chote kiliondolewa. Kijiko, ile mashine ya kuchimbia, hakikuweza kupita kichochoroni, kwa hiyo ilikuwa kazi ya koleo na toroli, vibarua wakipandisha mzigo mlimani, na hapo gharama ilipanda kuliko tulivyopenda. Mteremko tukaukata ngazi tatu badala ya kushikilia kimo chote kwa ukuta mmoja. Sababu ni hesabu ileile: msukumo wa udongo unakua kwa mraba wa kimo. Ukuta wa mita 1.1 unabeba kama moja ya tano ya mzigo wa ukuta wa mita 2.4. Kuta tatu fupi zikagawana mita 3.3, na mita 1.2 iliyobaki tukaiacha kama mteremko wa kupandwa mimea.

Kuta fupi zina masharti yake. Ukuta wa juu ukisimama karibu mno na wa chini, mzigo wake unaangukia mgongoni mwa mwenzake, na hapo umejenga ukuta mmoja mrefu bila kujua. Tuliacha nafasi isiyopungua mara mbili ya kimo cha ukuta wa chini yake. Ngazi ya juu ikapata upana wa mita tano, ya kati na ya chini mita nne nne. Kuta mbili za juu ni za mawe ya Lugoba, Mkoa wa Pwani, na saruji, misingi imeshuka hadi udongo wa asili. Nyuma ya kila ukuta kuna kitambaa cha kuchujia, kisha ukanda wa kokoto wa sentimita 30, na chini kabisa bomba lenye matundu linalopeleka maji kwenye mfereji wa pembeni. Mbele kuna matundu ya bomba la inchi mbili, yamepishana kila mita moja na nusu. Fundi wa zamani alikuja kuyaangalia, akapitisha kidole kwenye moja, akasema kweli lipu haina kazi hapa.

Ukuta wa chini tuliujenga kwa gabioni, vikapu vya waya vilivyojazwa mawe. Gabioni inapitisha maji kila mahali, na ardhi ikijikunja kidogo inajikunja nayo bila kupasuka. Kwa mahali palipopakana na jirani aliyeangukiwa na ukuta, sikutaka kitu kinachoweza kusimama kizima leo na kuanguka kizima kesho. Mzee alitaka kujua kama mawe hayataibwa. Waya ulifungwa kwa mkono, kila jicho la ukingoni likasukwa na la jirani yake, na mawe makubwa bapa yakapangwa upande wa mbele kama ya ukuta mkavu. Kujaza ovyo kwa koleo ndiko kunakofanya gabioni nyingi zitoe tumbo ndani ya msimu mmoja.

Palikuwa na mwembe. Ulikuwa umesimama mwanzoni mwa ngazi ya juu, mkubwa, na mchoro wa kwanza ulihitaji kujaza udongo wa sentimita 70 kuzunguka shina lake. Vijana wa kazi walishauri ukatwe. Bibi, mama mkwe wa mwenye nyumba, alitoka na kiti chake cha kamba, akaketi chini yake, akasema, "Mwanangu, huu niliukuta, na nitauacha." Alikuwa sahihi hata kitaalamu. Mizizi myembamba inayolisha mti iko karibu na uso wa ardhi, na ukiifukia kwa udongo mzito inakosa hewa. Mti hauanguki siku hiyo. Unakufa polepole kwa miaka miwili mitatu, na watu wanasema ulikuwa mzee. Tukaupindisha ukuta wa mawe ukauzunguka kwa nje, na kwenye sehemu iliyolazimika kujazwa tukajenga duara la mawe makavu, mita tatu kutoka upande hadi upande, shina likabaki kwenye usawa wake wa zamani. Duara hilo limekuwa benchi. Banda la kupumzikia ambalo mama alilitaka halikujengwa tena, kivuli kilikuwepo tayari.

Kuhusu mimea nitaanza na ile isiyo ya urembo. Mteremko wa mwisho na kingo za ngazi zilipandwa vetiva. Watu wengi wakiiona wanadhani ni mchaichai, na kweli zinafanana, ila kazi yake iko chini: mizizi inashuka wima, na kwenye udongo unaofaa inafika mita mbili hadi tatu ndani ya mwaka wa kwanza au wa pili. Aina inayopandwa kwa kazi hii haitoi mbegu zinazoota, kwa hiyo haivamii shamba la mtu. Inapandwa kwa vipandikizi, kwa mstari unaofuata usawa wa ardhi, sentimita 10 hadi 15 kati ya shina na shina. Usawa tuliupata kwa mpira wa maji, ule wa mafundi wa misingi, maana jicho linadanganya kwenye mteremko. Mstari ukipinda hata kidogo, maji yanakusanyika kwenye bonde lake na kupasua hapo.

Ngazi ya juu ilipandwa majani ya Pemba, yanayovumilia kivuli cha mwembe na hayahitaji kukatwa kila wiki. Sehemu ya watoto iko hapo, mbele ya macho ya jikoni. Ngazi ya chini ina bogenvilia, mlangilangi mmoja kwenye pembe, na mpera. Ngazi ya kati ni ya bibi. Aliitaka tangu mwanzo, na mama alisitasita kwa sababu aliona mboga katikati ya bustani zitaharibu sura. Nilikuwa upande wa bibi. Matembele yaliyotandaa yanafunika udongo vizuri kuliko maua mengi ya dukani, matone ya mvua hayaugusi uso wa ardhi, na yanaliwa. Akapanda matembele ukingoni, mchicha ndani, kisamvu kando ya mfereji. Kwa ajili yake ngazi za kushukia zilifanywa za kimo cha sentimita 15 na upana wa kukanyagia wa sentimita 35, na reli ya chuma upande wa mkono wake wenye nguvu.

Upandaji ulifanyika mwanzoni mwa vuli ya 2024, na matangi yaliusaidia siku ambazo mvua ilichelewa. Mtihani wenyewe ulikuwa masika ya 2025. Mvua ya kwanza nzito ilitupa kosa moja: kwenye mteremko wa mwisho, karibu na mfereji, vipandikizi vya vetiva vilikuwa vimepandwa kwa nafasi ya sentimita 30, pengine kwa haraka ya jioni ya mwisho wa kazi. Maji yakapita katikati, yakachimba mfuo wa kina cha mkono. Tukaujaza, tukaukandamiza, tukaongeza vipandikizi hadi mashina yakagusana, na mfuo haukurudi. Zaidi ya hapo kuta zilikaa. Matundu yalitoa maji, mwanzoni yenye rangi ya udongo kwa muda, kisha meupe. Rangi ndicho kitu nilichokuwa naangalia kila nilipopita, maana maji yanayotoka ukutani yakiwa mekundu mvua baada ya mvua, basi yanaondoka na kilima.

Jikoni kwa mzee hapakuingia tope. Aliniita anionyeshe ukuta aliokuwa ameupaka rangi upya, ile alama imefunikwa. Ameomba vipandikizi vya vetiva kwa kingo zake za korongoni, na mama amempa kutoka kwenye mashina yaliyokwisha kuzaa.

Kuna mambo mawili ambayo hayajaisha. Moja ni matunzo. Mfereji wa vidato na chemba zote zinafunguliwa na kusafishwa kabla ya masika na kabla ya vuli, grili ya getini inahitaji kuondolewa majani ya mwarobaini kila wiki wakati wa mvua, vetiva inakatwa hadi sentimita 40 hivi ili ichipue upya, na waya wa gabioni unakaguliwa kwenye maungio. Bustani ya mteremko isiyo na mtu wa kuishika inarudi kuwa mteremko. Mama amemwajiri kijana wa mtaani kwa siku mbili za juma, na nimemfundisha kijana huyo kusoma matundu ya ukuta kabla ya kumfundisha kukata majani.

Jingine ni korongo. Bomba la mzee linatoka juu ya mawe tuliyoyapanga ili kuvunja nguvu ya maji, na hapo pametulia. Lakini hatua chache mbele kingo zinaendelea kumegeka, na watu bado wanamwaga kifusi humo wakidhani wanalijaza. Kila kifusi kinachomwagwa kinasukuma maji upande wa pili, kwenye msingi wa mwingine. Nyumba mbili zinazofuata zimeshaanza kupanga viroba. Mzee na mama wamekwenda pamoja kwa mwenyekiti wa mtaa kuomba kikao cha nyumba zote za ukingo ule, na mchoro nimewapa ule uleule, nikiwa nimeongeza korongo lote hadi kwenye kalavati ya barabara kubwa.